Mtoto Atakaye Kusoma Ng'ambo: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuuza Ng'ombe

(Yafuatayo ni maneno ya hotuba iliyotolewa na mwalimu mmoja mstaafu katika Siku ya Wazazi ya shule moja ya sekondari, kaunti ya Kakamega. Tumeyapiga chapa yote kama alivyoyasema.)



Nalifundisha kwa muda wa miaka 31, na katika miaka hiyo nimeulizwa maswali mengi na wazazi. Walakini swali niulizwalo zaidi siku hizi si la nidhamu wala la karo. Ni hili: "Mwalimu, mtoto wangu aweza kupataje nafasi katika chuo kikuu cha ng'ambo?" Majuma matatu yaliyopita mama mmoja alikuja nyumbani kwangu jioni, mvua ikinyesha. Akaketi, akatoa mkobani barua iliyofungwa vizuri ndani ya nailoni ili isilowe. Barua hiyo ilisema kwamba binti yake, aliyemaliza Kidato cha Nne, amekwisha kukubaliwa katika chuo kikuu kimoja cha Kanada, na kwamba ili nafasi yake isipotee hana budi kutuma shilingi 180,000 kwa nambari ya simu iliyoandikwa chini, kabla ya siku ya Ijumaa. Mama yule ana ng'ombe wawili wa maziwa, na mnunuzi alikuwa amekwisha kuwaona. Akaniuliza, "Mwalimu, niuze?"

Nitarudi kwenye habari za mama huyo. Kwanza nataka tukumbuke kwamba safari hii si ngeni kwa watu wa nchi hii. Mbiyu Koinange alikwenda Marekani mwaka 1927, akaingia chuo cha Hampton katika Virginia, kisha akasoma Ohio Wesleyan na Columbia. Halafu mwaka 1959, mwezi wa Septemba, ndege moja iliyowachukua wanafunzi 81 ilifika New York. Hao ndio wa kwanza wa ile safari iliyopangwa na Tom Mboya pamoja na rafiki zake wa Marekani, na kabla ya mpango ule kwisha mwaka 1963 walikuwa wamekwenda karibu wanafunzi 800 wa Afrika ya Mashariki. Nauli ya ndege ya kwanza ililipwa na maelfu ya Wamarekani waliochanga kidogo kidogo, baada ya watu mashuhuri kama Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli, na Harry Belafonte, mwimbaji, kutia sahihi barua za kuomba msaada. Mwaka 1960 mfuko wa jamaa ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Serikali ya wakati ule haikupendezwa sana na jambo hilo, ikisema kwamba baadhi ya vyuo vile havikuwa vya daraja nzuri. Lakini wazazi hawakungoja kupendezwa kwa mtu. Walifanya michango na karamu za chai, wakawasindikiza watoto wao uwanjani kwa nyimbo. (Watu wengi husema kwamba Barack Obama, baba yake yule aliyekuwa Rais wa Marekani, alikuwamo katika ndege ile. Hakuwamo. Alikwenda Hawaii mwaka ule ule, lakini kwa njia yake mwenyewe.)

Sababu ya kuwakumbusha haya ni moja. Vijana wale wa 1959 hawakupanda ndege kwanza ndipo wakatafute chuo. Kila mmoja alikuwa na barua ya chuo chake mfukoni, na wengi wao walikuwa wameandika barua nyingi kwa mikono yao, wakijibiwa na kukataliwa, mpaka wakapata. Mambo ya nje yamebadilika: barua sasa hupita katika intaneti kwa nukta moja, si kwa meli. Kazi yenyewe haikubadilika. Mwenye kuomba ni mtoto mwenyewe, na ombi hupelekwa kwa chuo chenyewe.

Sasa tuseme habari ya wakati, maana hapo ndipo watoto wetu wengi hukosea. Mtihani wa KCSE hufanywa mwishoni mwa mwaka, na matokeo hutoka majuma machache baadaye. Mzazi wa kwetu hungoja matokeo, hufurahi, huchinja kuku, kisha mwezi wa Februari huja kwa mwalimu kuuliza habari za ng'ambo. Vyuo vingi vya Marekani huanza mwaka wao mwezi wa Agosti au Septemba, na vile vilivyo vigumu kuingia hufunga maombi siku ya kwanza ya Januari au karibu yake. Na kwa wale watakao kujibiwa mapema, hufunga mwezi wa Novemba, mtoto akiwa ndani ya chumba cha mtihani. Kwa hiyo mtoto aanzaye Februari ameanza kwa mwaka ujao, si kwa mwaka huu. Hilo si msiba. Mwaka mmoja wa kungoja, akitumia muda huo kusoma, kufanya kazi, na kuandika maombi yake vizuri, haumharibu mtu. Lakini ni vema mzazi alijue tangu mwanzo, asije akaambiwa na wakala fulani kwamba yuko mtu awezaye "kuharakisha mambo".

Kwa Uingereza njia ni nyingine. Maombi ya shahada ya kwanza hupita karibu yote katika ofisi moja iitwayo UCAS, na mtoto huchagua kozi tano tu. Atakaye Oxford au Cambridge, au atakaye kusomea udaktari, hana budi kumaliza katikati ya Oktoba. Wengine huwa na muda mpaka Januari. Tena ni lazima mjue kwamba vyuo vingi vya Uingereza havimpokei mwenye KCSE moja kwa moja. Humtaka asome kwanza mwaka mmoja wa matayarisho, na mwaka huo una karo yake. Marekani humpokea mwenye KCSE bila ya mwaka huo. Nimewaona wazazi wawili wakigombana juu ya jambo hili, kila mmoja akisema mwenzake amedanganywa, kumbe mmoja alikuwa akisema habari za London na mwingine za Ohio.

Mtoto huombaje? Katika Marekani vyuo vingi hutumia fomu moja ya pamoja iitwayo Common Application, ambayo mtoto huijaza mara moja akaipeleka kwa vyuo kadhaa. Chuo hutaka kuona maksi zake za kila kidato, si za mtihani wa mwisho tu. Kwa hiyo, ninyi vijana mnaocheka huko nyuma, maksi zenu za muhula huu zitasomwa siku moja na mtu wa mbali sana. Vyuo vingine hutaka mtihani uitwao SAT, ambao sasa hufanywa kwa kompyuta, na vingine havitaki. Vingi hutaka hakika kwamba mtoto anajua Kiingereza, kwa mtihani wa TOEFL au IELTS, ambao matokeo yake hutumika kwa miaka miwili tu. Mtoto asiufanye mapema mno. Vyuo vingine hukubali maksi za Kiingereza za shule zetu. Ulizeni kabla ya kulipa, maana mitihani hiyo si ya bure.

Ada ya kuomba hutozwa na vyuo vingi, dola 50, 75, hata 90 kwa chuo kimoja. Kijana akiomba vyuo nane, mzazi amekwisha kutoa fedha ya muhula mzima. Walakini vyuo vingi husamehe ada hiyo kwa mtoto asiyeweza kulipa, iwapo ataomba, na mwalimu wake atathibitisha. Sijui kwa nini watoto wetu huona haya kuomba msamaha huo. Mtoto wa Marekani asiye na fedha huuomba bila haya yoyote.

Nataka sasa kukaa kidogo juu ya mambo mawili ambayo watu huyadharau: barua ya mwalimu na insha ya mwanafunzi.

Barua ya mwalimu. Waalimu wenzangu, nasema na ninyi pia. Nimeziona barua nyingi tunazowaandikia watoto wetu. Karibu zote husema hivi: mwanafunzi huyu ni mtiifu, ni mwenye bidii, ana adabu, hakupata kuadhibiwa, namtakia heri. Barua hiyo ni nzuri kwa mtu atafutaye kazi ya bohari. Msomaji wa ng'ambo amezisoma barua elfu, na wote ni watiifu. Yeye ataka kujua jambo alilolifanya mtoto huyu lisilofanywa na mwingine. Mimi nilimwandikia kijana mmoja kwamba alitengeneza mizani ya maabara kwa waya wa baiskeli wakati mizani ya shule ilipovunjika, na kwamba darasa zima lilifanya mtihani wa vitendo kwa mizani yake. Maneno hayo yalichukua mistari mitatu. Barua ile ilijibiwa, na mwenye kujibu aliuliza habari za ile mizani.

Insha. Hii ndiyo sehemu iwasumbuayo zaidi watoto wetu, kwa kuwa wamefundishwa kuandika insha yenye misemo mizuri. Chuo cha Marekani humwuliza mtoto: wewe ni nani, umepita katika mambo gani, wafikiri nini? Hutaka maneno kama 650, si zaidi. Na mtoto wetu huandika juu ya umaskini wa bara la Afrika, na kwamba yeye ataumaliza. Nimezisoma hizo. Mwenye kuisoma kule hamwoni mtoto hata kidogo. Kijana mmoja aliniletea insha ya namna hiyo. Nikamwuliza jana yake alifanya nini. Akasema alikuwa akihesabu madebe ya maji ya bibi yake, kwa kuwa bibi yake hajui kusoma na muuza maji humpunja. Alikuwa ametengeneza daftari la alama za picha ili bibi aweze kuhesabu mwenyewe. Nikamwambia, "Basi, andika hilo." Alifikiri nafanya mzaha.

Tena insha isinunuliwe. Wako watu mjini wauzao insha zilizokwisha kuandikwa, na siku hizi ziko mashine za kompyuta ziandikazo kwa dakika moja. Chuo kikigundua, humkataa mtoto, na hata akiwa amekwisha kuingia aweza kufukuzwa.

Jambo jingine dogo lenye kuleta taabu kubwa ni majina. Katika cheti cha kuzaliwa mtoto ni Wanjala Peter, katika cheti cha shule ya msingi ni Peter W. Barasa, katika KCSE ni Barasa Peter Wanjala, na babaye anapompelekea kuomba pasipoti jina la nne huzaliwa. Nyumbani sote twamjua ni mtu mmoja. Karani wa ng'ambo huona watu wanne. Tafadhali, wazazi, mkifika nyumbani jioni hii toeni vyeti vyote juu ya meza mkavilinganishe, herufi kwa herufi. Kusahihisha jina kwahitaji miezi, na huwezi kulisahihisha juma moja kabla ya safari. Pasipoti nayo iombwe mapema. Isingoje barua ya chuo.

Sasa nafika penye fedha, na hapa naomba ruhusa ya kusema habari za nyumbani kwangu.

Nina mpwa wangu, mwana wa dada yangu. Miaka kadhaa iliyopita alipata barua kutoka chuo kimoja cha Marekani, ambacho sitakitaja. Barua ilimpongeza, ikasema amepewa udhamini wa dola nyingi. Kijiji kizima kilifurahi. Tulifanya harambee kanisani, na mimi, kwa kuwa ni mwalimu na watu hunisikiliza, ndimi niliyesimama mbele kusema kwamba mtoto amepata udhamini na kilichobaki ni nauli na vitu vidogo. Dada yangu aliuza robo tatu ya ekari moja. Sikuisoma barua ile mpaka mwisho. Katika ukurasa wa pili ilikuwa imeandikwa kwamba udhamini huo ni wa sehemu ya karo, tena kwa mwaka wa kwanza, na kwamba utaendelea tu ikiwa maksi zake hazitashuka chini ya kiwango fulani. Mwaka wa kwanza alifaulu kwa taabu. Mwaka wa pili alikuwa na baridi, na upweke, na kazi ya usiku jikoni mwa chuo, na maksi zikashuka. Udhamini ukakatwa. Alirudi nyumbani bila ya shahada. Sasa afanya kazi nzuri Eldoret, na hanilaumu kwa kinywa. Dada yangu naye hajanilaumu, lakini kila nipitapo kando ya kile kipande cha shamba, ambacho sasa kina nyumba ya mtu mwingine, nalikumbuka lile neno langu: vitu vidogo.

Kwa hiyo nawaomba mjifunze hesabu hii. Tuseme, kwa mfano tu, chuo kimoja chataka dola 60,000 kwa mwaka, kwa karo, chakula, na mahali pa kulala pamoja. Mtoto apewa udhamini wa dola 25,000. Watu husema, "Dola elfu ishirini na tano! Ni zaidi ya shilingi milioni tatu!" Ni kweli. Lakini zimebaki dola 35,000. Kwa shilingi 129 kwa dola moja, hizo ni shilingi 4,515,000, na hizo ni za mwaka mmoja. Kwa miaka minne ni shilingi 18,060,000. Udhamini mkubwa waweza kuwa deni kubwa zaidi. Barua ikija, msiulize, "Amepewa ngapi?" Ulizeni, "Kimebaki nini, kila mwaka, kwa miaka mingapi, na ni jambo gani litakalokata msaada huu?" Na majibu hayo yawe yameandikwa na chuo.

Viko vyuo vimpavyo mtoto wa kigeni msaada wote anaouhitaji, na ambavyo havitazami fedha za baba yake wakati wa kuchagua. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst ni miongoni mwa hivyo. Basi kila mtoto mwenye akili duniani huviomba, na katika kila waombaji 100 hawachukui hata 10. Mtoto aweza kujaribu, lakini asijaribu hivyo peke yake. Viko vyuo vingine vidogo, visivyo na jina kubwa kwetu, vyenye fedha za kuwasaidia wageni wachache kila mwaka. Na mtoto atakayevitafuta kwa saburi aweza kuvipata. Wangari Maathai, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, hakuanza katika chuo chenye jina. Mwaka 1960 alikwenda Atchison, mji mdogo wa Kansas, katika chuo cha masista kiitwacho Mount St. Scholastica.

Watu husema, "Atafanya kazi huko ajilipie." Sheria ya Marekani humruhusu mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi ndani ya chuo, saa 20 kwa juma wakati wa masomo, na katika mwaka wa kwanza haruhusiwi kutoka nje kutafuta kazi. Fedha hiyo hununua vitabu, sabuni, na koti la baridi. Hailipi karo. Ujerumani vyuo vingi vya serikali havitozi karo, na habari hiyo imeenea sana kwetu. Lakini mwenye kuomba viza ya Ujerumani kwa kawaida hutakiwa aonyeshe fedha za kumtunza mwaka mzima, zilizowekwa katika akaunti maalum: tangu mwaka 2024 kiasi chake kilikuwa Euro 11,904. Tena mara nyingi mwenye KCSE peke yake hutakiwa apite kwanza katika darasa la matayarisho. Uingereza, mbali na karo, tangu Februari 2024 mwanafunzi alitozwa pauni 776 kwa kila mwaka kwa ajili ya matibabu, naye hulipa za miaka yote kwa mara moja wakati wa kuomba viza. Tena atokaye Kenya hana budi kupimwa kifua kikuu. Na fedha za kujitunza ni lazima ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo. Mjomba hawezi kukukopesha Jumatatu uzionyeshe Jumanne.

Juu ya viza ya Marekani nitasema kwa ufupi. Chuo kikikubali na kuona kwamba fedha ipo, humpelekea mtoto karatasi iitwayo I-20. Ndipo mtoto hulipa dola 350 za kuandikishwa katika daftari la wanafunzi wa kigeni, na dola 185 za ombi la viza, kisha huenda kuhojiwa ubalozini. Zile dola 185 hazirudi hata akikataliwa. Viwango hivyo hubadilika, basi vitazameni tena siku ya kulipa. Sheria yao humdhania kila mwombaji kwamba ataka kuhamia huko moja kwa moja, mpaka yeye mwenyewe amridhishe afisa kwamba sivyo. Mahojiano huchukua dakika chache. Afisa huuliza: kwa nini chuo hiki, utasoma nini, nani atalipa? Mtoto aliyejichagulia chuo chake hujibu bila taabu. Mtoto aliyechaguliwa na wakala hubabaika, kwa kuwa hajui hata chuo chake kiko jimbo gani. Tangu Juni 2025 waombaji wameambiwa pia waache wazi kurasa zao za mitandao ya kijamii ili zisomwe. Vijana, sitasema zaidi. Mnajua wenyewe mlichoandika huko.

Kabla sijafika kwa mawakala, neno moja kwa wale watakaosomea kazi zenye sheria zake. Daktari aliyesomea nje hapewi ruhusa ya kutibu hapa kwa kuwa tu ana shahada. Baraza la madaktari humfanyia mtihani kwanza. Mwanasheria naye ana njia yake ya kupita. Basi kabla ya kumpeleka mtoto katika chuo cha udaktari cha nchi ya mbali kwa kuwa karo yake ni nafuu, andikieni baraza linalohusika, na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, mkaulize kama chuo hicho chatambuliwa. Barua moja tu. Nimemwona kijana aliyesoma miaka sita akarudi na karatasi isiyomfungulia mlango wowote.

Mawakala, basi. Si wote ni wezi. Wako wafanyao kazi yao kwa haki, na viko vyuo viwatumiavyo na kuwalipa. Lakini mmesikia mambo ya majirani zetu wa Uasin Gishu. Wazazi wengi kule walilipa fedha nyingi katika mpango wa kuwapeleka watoto wao Finland na Kanada, wengine wakiuza mashamba. Na mpango huo haukuwa wa wakala wa kichochoroni, ulipita katika ofisi za kaunti. Mwaka 2023 wazazi na wanafunzi waliandamana mjini Eldoret wakidai fedha zao. Wako watoto waliokuwa wamekwisha kufika Finland wakaambiwa na vyuo kwamba karo yao haijafika. Finland ilianza kuwatoza karo wanafunzi wa nje ya Ulaya mwaka 2017, na karo hiyo hudaiwa na chuo. Mzazi aliyemlipa mtu wa katikati hakuwa na risiti ya chuo.

Nawapa njia nizitumiazo mimi. Chuo chenyewe hakimwombi mzazi atume karo kwa nambari ya simu ya mtu. Chuo hakimkubali mtoto asiyeomba. Barua ya chuo hutoka katika anwani ya chuo, si katika anwani za bure ambazo mtu yeyote aweza kuzifungua. Na ukiwa na shaka, usiijibu ile barua. Tafuta tovuti ya chuo mwenyewe, uandikie ofisi ya kuwapokea wanafunzi, uulize. Shauri la Marekani hupatikana bure Nairobi, katika ofisi ya EducationUSA ya ubalozi wao. Wajerumani wana ofisi yao ya DAAD, iliyopo Nairobi tangu mwaka 1973.

Na hapo nataka kusema maoni yangu, ambayo wengine wenu hamtayapenda. Kwa mtoto mwenye maksi nzuri lakini nyumba isiyo na fedha, mimi naona ni afadhali asome shahada ya kwanza hapa nyumbani, au Makerere, kisha aende ng'ambo kwa shahada ya pili. Misaada ya shahada ya pili ni mingi kuliko ya kwanza. Iko ya Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa mwaka 1959. Iko ya Fulbright ya Marekani. Iko ya DAAD. Chevening ya Uingereza humlipia mtu karo yote ya mwaka mmoja, na nauli, na matumizi. Humtaka awe na shahada ya kwanza na kazi ya miaka miwili, kisha arudi nyumbani akae miaka miwili. Tena huyo aendaye ni mtu mzima, amekwisha kujua ataka nini. Hata Wangari Maathai, pamoja na shahada zake mbili za Marekani, ile ya udaktari aliipata Nairobi, mwaka 1971.

Sasa yule mama. Usiku ule sikumjibu auze au asiuze. Nilimwuliza binti yake, "Je, uliomba chuo hiki?" Akasema hakuomba, alimpa mtu mmoja mjini nakala za vyeti vyake na shilingi 5,000. Tukaitafuta tovuti ya chuo kwa simu yake, tukaandika barua fupi, mistari minne, kuuliza kama jina lake limo. Ijumaa ikapita bila jibu, na mama akawa na hofu kwamba tumeipoteza nafasi ya mtoto. Mimi pia, nakiri, sikulala vizuri. Jumanne jibu likaja: chuo hakina ombi lolote kwa jina hilo, na barua ile haikutoka kwao.

Ng'ombe wako zizini. Binti yupo hapa leo, na hataki nimwonyeshe. Ameanza kutafuta vyuo mwenyewe, na vyeti vyake tumevilinganisha, tukakuta kosa la herufi moja katika jina la baba yake, ambalo limekwisha kupelekwa kusahihishwa. Insha yake ya kwanza aliniletea jana. Ilikuwa juu ya umaskini wa bara la Afrika, nami nimemrudishia.

Bwana Mwenyekiti, nadhani chai iko tayari. Mwenye vyeti vyake hapa na avilete mezani, tuvitazame pamoja.